Sura ya Sita: Mzee wa Salaverry

Mkaguzi Sleyum alikuwa na desturi iliyowaudhi wenzake wote kituoni: alipenda kumsikiliza mwongo mpaka amalize. Hamkatizi, hakunji uso, hajikohozi. Anaandika tu kwa ule mwandiko wake mzuri wa chuoni, kisha anamsomea mtu maneno yake mwenyewe na kumwomba atie saini. Wenzake walisema anapoteza wakati. Yeye alisema wakati ndio kazi yenyewe.

Jumatano ile ya mwezi wa Juni, mwaka 2001, alikuwa amezama kwenye kochi jeupe la Bwana Loay, huko Qurum, Maskati, akisikiliza. AC ilikuwa inapuliza mpaka vidole vinakufa ganzi. Mbele yake lilisimama kabati la kioo lililojaa vitu vya kale vya nchi za mbali, na rafu ya pili ilikuwa na pengo. Chombo kilichotoka kwenye pengo lile kilikuwa kituoni tangu Jumapili, ndani ya sanduku lililopigwa lakiri.

Jumapili hiyo Talal bin Mahfoudh, fundi wa AC wa miaka thelathini na minane, aliitwa kutengeneza mashine ya sebuleni. Alikiona chombo, akaiacha mashine wazi na bisibisi sakafuni, akafungua kabati na kutoka nacho mlango wa mbele mchana kweupe. Mlinzi alimkamata getini. Hakukimbia wala hakubisha. Kituoni aliandikisha maelezo mafupi kuliko yote ambayo Sleyum aliwahi kuyaona: "Mimi ni Talal, mtoto wa marehemu Mahfoudh, fundi wa injini za meli. Chombo ni cha mama yangu." Jumamosi faili lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka, na kwa jinsi lilivyokuwa, Talal alikuwa na miaka kadhaa ya jela mbele yake.

"Tuanze upya, Bwana Loay," Sleyum alisema kwa Kiarabu. "Ulikipata wapi?"

"Ulaya. Mnadani, mwaka tisini na tatu. Hati unayo."

Alikuwa nayo. Karatasi nzito, muhuri mwekundu, maneno ya Kifaransa: chombo cha udongo mweusi, kazi ya Wachimu, pwani ya kaskazini ya Peru, kabla ya Wainka kuwatawala. Picha haikuwemo, na vipimo pia havikuwemo.

"Na tangu hapo kimekaa wapi?"

"Hapo unapopaona."

"Hakijatoka?"

"Hakijatoka."

"Hakijatiwa maji?"

Loay alicheka. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, kanzu yake haina hata mkunjo, na alipenda kuwaeleza watu mambo. "Maji? Mkaguzi, kitu kile kina miaka mia sita. Mimi mwenyewe nikikigusa navaa glavu. Kilitoka kaburini kwa wenyewe, kikakaa kwa mkusanyaji mmoja, kikaja kwangu. Hakuna mtu aliyekitumia tangu wale waliokifinyanga."

"Nasikia vyombo vya namna hii hulia, ukivitia maji na kuviinamisha."

"Vingine. Hiki hakilii."

Sleyum aliandika: *hakilii*. Akaandika taratibu, herufi moja moja, asije akainua macho mapema. Kisha akamsomea maelezo yake yote tangu mwanzo, na Loay akatia saini kwa kalamu yake mwenyewe ya wino.

"Kijana yule ana shida gani?" Loay aliuliza akimsindikiza mlangoni. "Angeniomba kitu kingine ningempa."

"Si kijana," Sleyum alisema. "Ana nywele nyeupe kuliko zangu."

*

Bi Hamdiya, mama yake Talal, alikaa Ansab, katika nyumba ya ghorofa moja yenye mti wa mkungu mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyepita sitini, kajifunga kanga ya kisutu, na kabla Sleyum hajakaa sawasawa, yeye ndiye aliyeanza kuhoji.

"Talal kala?"

"Kala, Bi Hamdiya. Nimempelekea mkate wa kumimina mwenyewe."

"Mkate wa kumimina. Kumbe we mtu wa kwetu. Wapi?"

"Wete."

"Wete pahala gani?"

"Limbani. Tulitoka mimi nna miaka kumi."

"Mimi Mtambwe," alisema, na hapo ndipo alipomimina kahawa. "Haya, uliza mwanangu."

Sleyum aliuliza, naye akaeleza bila ya kuhangaika. Mumewe Mahfoudh alikuwa fundi wa injini katika meli za mizigo. Yalipotokea mapinduzi ya sitini na nne, yeye alikuwa baharini na Talal ana miezi minane. Asingeweza kurudi Pemba, na hakuna mahali pengine alipopajua. Akahama meli moja kwenda nyingine, anaandika barua. Bi Hamdiya na mtoto wakafika Maskati mwaka sabini na moja, wakapata chumba Matrah, akamwandikia: njoo, huku tutakaa. Mwaka sabini na nne akaja baharia mmoja wa Sur na kifurushi na barua kutoka bandari iitwayo Salaverry, huko Peru.

Aliitoa barua kwenye kopo la biskuti. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mno. Sleyum aliisoma kimoyomoyo.

*Hamdiya, nakuletea kitu cha watu wa huku. Wafalme wao walikwisha zamani, lakini wajukuu zao wapo, wanavua, na mmoja wao ndiye aliyenipa. Jirani na bandari upo mji wao wa udongo mtupu, kuta ndefu, na jangwani wamechimba mifereji kama falaji za wazee wetu. Siku niliyoiona nilikaa chini. Kitie maji ukiinamishe. Kikilia, jua nipo. Nakuja na meli ya pili.*

"Hakuja," Sleyum alisema.

"Wala meli ya tatu."

Barua ilikuwa nzuri, ila mahakamani haikuwa na uzito: haikutaja rangi wala umbo. Chombo chochote kingeingia humo.

"Nieleze kilivyo, kama unamweleza mtu asiyeona."

"Cheusi kinang'ara. Kina matumbo mawili yameungana. Tumbo moja lina mdomo, la pili kakaa kibabu kavaa kofia, mikono magotini. Nikimwita Mzee wa Salaverry. Watoto wa mtaani wakija kumwamkia."

Hayo yote Talal angeweza kumweleza mama yake, au wakili wa Loay angedai hivyo. Sleyum alitaka kitu ambacho kabati la kioo halikijui.

"Ulikitumiaje?"

"Kwa maji ya kunywa. Kingetumiwaje vyengine?" Alimtazama kama anayemhurumia. "Kila Alhamisi nakikosha, nakifukiza ubani kama mtungi wowote, nakitia maji na karafuu tatu. Dada yangu alikuwa akiniletea za Mtambwe. Maji ya huku hayana ladha, mwanangu, nyinyi mshazoea tu."

Kalamu ya Sleyum ilisita. Alimfikiria Wijdan wa jumba la makumbusho, aliyemkataza Jumapili, kabla sanduku halijapigwa lakiri, kupumua karibu na kile chombo. Akaandika: *ubani kila Alhamisi, karafuu tatu.*

"Talal anajua hayo?"

"Talal akijua kunywa tu."

"Na kikilia?"

"Nakiinamisha, kinalia. Kila Alhamisi, miaka ishirini na mbili."

"Mpaka lini?"

Bi Hamdiya aliikunja barua, akairudisha koponi, akakibana kifuniko kwa viganja viwili. "Mpaka kilipopotea. Tulipohama Matrah, tisini na saba."

Sleyum aliandika na hilo. Pembeni ya mstari akatia nukta ndogo ya kalamu. Ilikuwa alama yake mwenyewe, na maana yake ni kwamba mtu huyu, hapa, hajamaliza.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko huko Maskati, lakini Wijdan alifungua chumba chake cha kazi saa tatu asubuhi. Alikuwa binti wa watu waliotoka Mwanza, msomi wa mambo ya kale, na alimwita Sleyum ami tangu siku ya kwanza. Mlalamikaji naye alitakiwa awepo lakiri inapovunjwa, kwa hiyo Loay alikuja, akakaa pembeni na kikombe cha chai. Watatu wote walitia saini kwamba lakiri ilikuwa nzima.

Wijdan alikitoa chombo kwa mikono miwili, akakiweka juu ya taulo. Mzee wa Salaverry alikaa na kofia yake na viganja magotini, anatazama mbele. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.

"Wachimu hawa, ami, walikaa jangwani kandokando ya bahari," Wijdan alisema, naye akianza hatulii. "Mvua hawaijui. Walileta maji kwa mifereji kutoka milimani, mwendo wa siku kadhaa. Mji wao wa Chan Chan ulikuwa mkubwa kuliko wowote wa udongo katika bara zima. Halafu Wainka wakawashinda, wakawachukua mafundi wao kwa nguvu, wakawapeleka kufanya kazi mbali na kwao. Huyu labda alifinyangwa kabla ya hayo, labda baada yake."

"Na aliyefinyanga alirudi kwao?"

"Wengi hawakurudi."

Sleyum aliashiria maji.

Wijdan alitia maji ya baridi kwa birika lenye mdomo mwembamba, akasubiri, akashika chombo kwa vitambaa na kukiinamisha. Maji yalisikika yakipita kutoka tumbo moja kwenda la pili. Hakuna kilicholia. Akarudia mara mbili. Kilichosikika ni maji tu na AC.

"Nilikwambieni," Loay alisema kwa upole, akanywa chai.

Chombo cha Bi Hamdiya kililia kila Alhamisi kwa miaka ishirini na mbili. Hiki hakilii. Kwa hesabu nyepesi kabisa ni vyombo viwili, na Talal kaiba cha watu. Sleyum alitoka nje barazani, akafungua daftari, akaitazama ile nukta yake. Kisha akapiga simu Ansab.

"Bi Hamdiya, jana hukunambia yote. Mara ya mwisho kulia ilikuwa lini?"

"Kwani Talal hatoki?"

"Talal hatoki mpaka unambie."

Alimsikia akivuta kiti. "Tisini na sita," alisema mwishowe. "Alhamisi moja nikakiinamisha kama siku zote, kimya. Nikarudia. Nikamwaga maji, nikatia mengine. Kimya. Nikakaa pale jikoni mpaka adhana ya alasiri. Kanambia kikilia jua nipo. Basi mimi nikajua hayupo tena."

"Ukafanyaje?"

"Nikenda kwa kadhi. Miaka yote ile kadhi alikuwa tayari, mimi ndiye nilokuwa sitaki. Akapitisha kuwa kafa, nikakaa eda, miezi mine na siku kumi. Watu wakaja, tukasoma hitma. Wanawake wakasema kile kidude ni sanamu, malaika hawaingii, na nyumba ina msiba. Nikasema kitieni stoo. Sikusema kitolewe. Siku ya kuhama tukakitafuta, hakimo."

"Kwa nini hukunambia jana?"

"Ungenicheka. Mtu mzima kakaa eda kwa kuambiwa na chungu."

Sleyum alitaka kumwambia kwamba asingemcheka hata kidogo; badala yake alisema, "Nitakuja baadaye," akakata.

Aliporudi ndani alikuwa anatembea kwa haraka. "Wijdan, sauti inatokea wapi hasa?"

"Kisogoni kwa mzee. Maji yakijaa tumbo la pili yanasukuma hewa, hewa inapita kwenye filimbi ya udongo. Tundu lake hili hapa."

"Limulike."

Alimulika kwa kitochi chembamba na kukaza jicho kwenye lenzi. "Kuna kitu ndani. Mdudu. Amekauka humo."

"Hebu."

Sleyum aliinama. Kwanza hakuona ila mwanga na udongo. Halafu akaona kichwa kidogo cha rangi ya kahawia, chenye ncha nne zilizofunguka kama nyota, na hapo akajua anachokitazama, kwa sababu mpaka ana miaka kumi aliziokota nyota hizo kwenye majamvi ya baba yake kila vuli, na mikono yake ilinuka hizo mpaka shuleni.

"Huyo si mdudu," alisema. "Tia maji ya moto. Si ya kuchemka, ya moto ya mkono."

Wijdan alimtazama kwa mashaka, akatia. Mvuke mwembamba ukapanda kwenye mdomo wa chombo, na harufu ikaja nao, ya ubani uliofukizwa ukarudiwa ukafukizwa, na chini ya ubani karafuu. Ilikuwa harufu ya mtungi wa mama yake ukumbini Limbani, kata ikining'inia ukutani, na mama mwenyewe akimwambia asinywe amesimama. Mama yake alizikwa Maskati mwaka themanini na nne, na hakuwahi kuiona tena nyumba ile. Sleyum alimtamani mama yake wakati ule, kwa nguvu ya ajabu, yeye mkaguzi wa polisi wa miaka arobaini na saba, mbele ya mlalamikaji. Alisimama akaenda dirishani, akahesabu magari yaliyoegeshwa. Yalikuwa matatu.

"Ubani," Wijdan alisema polepole. "Ami, mtu amekifukiza. Chombo cha miaka mia sita, mtu amekifukiza ubani."

"Kila Alhamisi."

"Mungu wangu."

Loay alikuwa ameweka kikombe chini.

Walisubiri nusu saa ili maji yafanye kazi yake. Wijdan alikipindua chombo juu ya kitambaa cheupe, akikitikisa kidogo kidogo, akisimama, akikitikisa tena, na maji ya rangi ya chai yakatoka, na masizi kidogo, na mwishowe karafuu moja, imevimba, imekatika kikonyo. Ikalala pale kitambaani. Sleyum aliipiga picha pamoja na rula, akaandika saa.

"Sasa tia maji tena," alisema.

Safari hii, Wijdan alipokiinamisha, Mzee wa Salaverry alilia. Ilikuwa sauti nyembamba kwanza, ikapanda, ikanenepa, ikateremka maji yalipotulia, kama mtu anayeita jina la mwenziwe kutoka ng'ambo ya bonde bila ya haraka. Wijdan aliziba mdomo kwa mkono. Akakiinamisha upande wa pili, kikalia tena.

Sleyum alifungua faili. "Bwana Loay, nakusomea maneno yako. 'Hakijatiwa maji. Hakuna mtu aliyekitumia tangu wale waliokifinyanga.' Hii saini yako?"

"Yangu."

"Jana saa sita na robo, Bi Hamdiya alinambia, nikaandika, kwamba chombo chake akikifukiza ubani na kukitia karafuu. Wakati huo sanduku lilikuwa na lakiri. Nieleze karafuu ya Pemba iliingiaje ndani ya kaburi la Peru. Na jambo la pili. Ulisema hakilii. Mtu ambaye hajakitia maji anajuaje kwamba hakilii?"

Loay alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Alipozungumza, ule unadhifu ulikuwa umemwondoka. "Mwenye duka alinijaribia. Matrah, duka la vitu vya zamani, mwaka tisini na saba. Alikuwa nacho chini ya masufuria. Akakitia maji, akasema, zamani vilikuwa vinalia, hiki kimeshakufa. Mimi nilikijua ni nini mara nilipokiona. Yeye hakujua."

"Na hati?"

"Hati ni ya chombo kingine, kilichovunjika njiani. Wageni wangu wanauliza, mkaguzi. Kila mmoja ana kitu kutoka Paris, kutoka London. Ningewaambia mimi nimekiokota chini ya masufuria?" Alitazama mikono yake. "Sikuiba. Niliona haya tu."

"Kwa haya yako mtu kalala mahabusu siku nne."

"Naondoa malalamiko. Nipe karatasi."

Sleyum alimpa. Safari hii hakumsomea mara mbili.

Loay alipoondoka, Wijdan alibaki anakikausha chombo kwa pamba. "Kwa hiyo cha Bi Hamdiya," alisema. "Lakini ami, unajua kwamba nalazimika kuandika. Kwa asili kilitoka kwenye kaburi la mtu. Kule wapo wanaovitafuta vitu vyao."

"Andika. Tutamuuliza mwenyewe."

"Atakubali?"

"Hilo silo ninaloliogopa," Sleyum alisema, akaitia ile karafuu ndani ya bahasha.

*

Alimfikisha Talal Ansab wakati wa alasiri. Njiani Talal alizungumza mara moja tu. "Nilikiona nikawa mtoto," alisema. "Ningekuja kwenu ningesemaje?" Sleyum alisema angesema hivyo hivyo, ingetosha.

Bi Hamdiya alimpokea mwanawe mlangoni, akamshika uso, akamwambia akaoge. Hakulia. Chetezo kilikuwa kimewashwa, mtungi wa kawaida wa dukani umepinduliwa juu yake, moshi unatoka pembeni. Juu ya meza ndogo palikuwa na juzuu imefunguliwa kwenye Yasini. Ilikuwa Alhamisi.

Sleyum alimweleza kwanza habari za Wijdan, za kaburi, na za watu wa kule wanaotafuta vitu vyao. Bi Hamdiya alisikiliza akitikisa kichwa.

"Kama kwao wanamtaka, aende," alisema. "Asikae ugenini. Nimkoshe tu kabla hajasafiri."

"Kuna jengine."

Alifungua bahasha, akamwekea karafuu kiganjani. Bi Hamdiya aliinusa kabla ya kuitazama.

"Yangu hii."

"Yako. Ilikuwa imenasa kwenye filimbi, Bi Hamdiya, kisogoni mwa Mzee. Ilielea na maji ikakwama. Tumeitoa leo, na kimelia. Nimekisikia mimi mwenyewe."

Alimwona akielewa. Ilichukua muda mfupi sana, na Sleyum alitamani ingechukua zaidi. Kidole cha Bi Hamdiya kiliigeuza karafuu upande mmoja, kikaigeuza upande wa pili.

"Kumbe hakikunyamaza," alisema. "Nilikinyamazisha mimi."

"Hukujua."

"Miaka mitano kila Alhamisi namsomea Yasini. Namwambia Mola amrehemu, ampanulie kaburi." Aliinua macho. Yalikuwa makavu na yamefunguka sana. "Na pengine muda wote huo yupo pahala kakaa, ana njaa, ana baridi, na mimi namuombea kaburi. Yupo, mwanangu? Wewe ndiye mpelelezi."

Sleyum alikuwa na majibu ya kazini. Meli aliyopanda ilipotea mwaka sabini na tano, na kama yupo atakuwa na miaka sabini, na kadhi ameshahukumu. Hakuyatoa. "Sijui, Bi Hamdiya," alisema. "Wallahi sijui."

Talal alikuwa amesimama mlangoni, nywele mbichi, taulo shingoni. Hawakujua amesikia kiasi gani. Bi Hamdiya aliifunga juzuu ya Yasini, akaibusu, akaiweka kando.

"Hayo makaratasi yenu," alisema. "Humo mmemwandikaje baba yake?"

Sleyum alifungua faili, ingawa alikumbuka. "'Mtoto wa marehemu Mahfoudh, fundi wa injini za meli.'"

"Neno hilo la katikati. Linafutika?"

Kwa kanuni, maelezo yaliyotiwa saini hayabadilishwi ila mwenyewe akubali. Sleyum alimgeukia Talal. Talal alikuja akapiga magoti kando ya mama yake, akautafuta mstari kwa kidole, akakiacha kidole pale.

"Lifute," alisema.

Sleyum alitoa kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya *marehemu*. Akaandika tarehe pembeni, na yeye na Talal wakatia saini zao.